Kamera imeanguka na lenzi yake: nitengeneze au nibadilishe? (5D Mark III na 24-105 f/4L)

jicho_la_kusini

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela.

Canon 5D Mark III ikiwa na lenzi ya 24-105mm f/4L IS (toleo la kwanza; IS ni kituliza mtikisiko) imeanguka kutoka kwenye stendi, urefu wa kiunoni hivi, ikatua kwa mdomo wa lenzi kwenye vigae. Hali ya sasa: filta ya 77mm imepasuka na pete yake imejibana, haifunguki. Zumu inakwama karibu na 50mm, ukilazimisha inapita. Ujumbe wa kosa, Err 01, unatokea mara kwa mara, ila siyo kila picha. Upande wa kushoto wa picha hauko shapu. Bodi (kamera yenyewe bila lenzi) haina ufa na inawaka vizuri.

Fundi amenipa hesabu hii: lenzi 320,000 ("flekisi na kunyoosha"; flekisi ni utepe mwembamba wa nyaya ndani ya lenzi), shata (mapazia yanayofungua na kufunga mbele ya sensa) 380,000 kwa kuwa anasema imeshapiga picha 190,000 na imepita kiwango chake, usafi wa jumla 100,000. Jumla laki nane. Mtaani bodi kama hii iliyotumika ni 1,300,000, lenzi 750,000. Kuna mtu anaitaka lenzi mbovu kwa 150,000 akaifanye spea.

Kazi zangu ni harusi na send-off, na msimu unaanza mwezi ujao. Nitengeneze, ninunue nyingine, au nihamie kabisa kwenye kamera zisizo na kioo (mirrorless)?

bisibisi_ndogo

Pole mkuu. Kwanza acha kuzungusha hiyo zumu. Kama kuna kitu kimevunjika ndani, kila unapolazimisha kinakwangua mfereji wa bomba la lenzi, na mfereji ukishaharibika matengenezo hayana maana tena.

Pili, usiihesabu kama "kamera imeharibika". Hapo kuna vitu vinne tofauti: filta, apecha (tundu la lenzi linalopunguza au kuongeza mwanga), bomba la zumu, na bodi. Kila kimoja kina jibu lake. Hiyo laki nane imevichanganya vyote, halafu ikaongezwa na shata ambayo hujasema inasumbua.

Anza na filta, maana haigharimu kitu. Elekeza lenzi chini, gonga pembeni kwa kidole, puliza kwa pampu ya mpira. Usifute kwa kitambaa! Unga wa kioo cha filta ndio unaochora kioo cha mbele, siyo ule mwanguko wenyewe. Vipande vikubwa vitoe kwa kibano, vidogo vinase kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Halafu funika kioo cha mbele kwa kipande cha karatasi ngumu iliyokatwa duara, chukua ubapa mdogo wa msumeno wa chuma (ubapa wenyewe, bila fremu), kata pete ya filta sehemu mbili zilizo karibu karibu, kiasi cha sentimita moja kati yake. Ni alumini laini. Kata mpaka karibu na nyuzi za lenzi, usiziguse. Kamata kile kipande cha katikati kwa koleo ya mdomo mwembamba, kivute kwa ndani kielekee katikati ya lenzi. Pete inalegea, unaitoa kwa mkono. Kabla ya hapo usijaribu koleo kubwa kuzungusha pete nzima, utavunja bomba la mbele ambalo ni plastiki.

Sasa vipimo. Tafuta lenzi nyingine yoyote ya EF (aina ya lenzi za Canon zinazoingia kwenye bodi yako), hata 50mm f/1.8, uifunge kwenye bodi. Piga f/1.8, f/4, f/8, f/16, picha kama ishirini kila moja. Err 01 maana yake mawasiliano kati ya bodi na lenzi yana hitilafu. Ikitokea na 50mm pia, safisha vile vidoti vya shaba vya pande zote mbili kwa spiriti ya asilimia 99 na kitambaa kisichoacha nyuzi, rudia. Isipotokea, bodi yako haina kesi hapo.

Kisha rudisha 24-105, weka Av (unachagua namba ya f mwenyewe). Piga f/4 tu kwenye 24mm, bila kugusa zumu. Baadaye f/8 hapo hapo. Ikikubali f/4 na kukataa f/8, tatizo ni apecha, kwa sababu kwenye f/4, ambapo tundu liko wazi kabisa, majani ya apecha hayasogei kabisa, kwa hiyo kosa halionekani. Kuna kitufe cha kuonyesha kina cha fokasi mbele ya bodi, upande wa mkono wa kulia: kibonyeze ukiwa f/8 huku ukiangalia ndani ya lenzi kwa mbele. Utaona majani yakifunga au yakigoma.

Na hili watu wengi hawalijui: lenzi hii toleo la kwanza, la 2005, inajulikana kwa ugonjwa huu hata bila kuanguka. Kitengo cha apecha kinasafiri mbele na nyuma pamoja na zumu, na flekisi yake inajikunja kila safari. Baada ya miaka mingi njia ya shaba inakatika palepale kwenye kunjo. Ndiyo maana Err 01 inakuja na kuondoka: zumu ikiwa sehemu fulani shaba inagusana, ukisogeza inaachana.

mhesabu_wa_picha

Nakubaliana na bisibisi_ndogo, mimi niongeze upande wa hela.

Watu hulinganisha gharama ya fundi na bei ya kifaa kipya dukani, na wanaona kutengeneza ni rahisi siku zote. Linganisha na bei ya kilichotumika chenye hali ile ile, halafu toa bei ya kuuza kibovu. Lenzi yako: 750,000 kutoa 150,000, kubadilisha kunakugharimu 600,000. Kutengeneza ni 320,000. Kwangu mpaka wa kutengeneza ni nusu, na naweza kupanda hadi theluthi mbili kama fundi anatoa dhamana ya maandishi ya siku 90 hivi. Hapo kikomo chako ni laki nne. Akianza kusema "kuna kingine nimekikuta", ukavuka laki nne, simamisha kazi, uza spea, nunua nyingine.

Lenzi iliyotumika nayo ina hatari zake. Ukinunua 24-105 ya umri ule ule mtaani, unanunua flekisi ya umri ule ule. Ile itakayotengenezwa itakuwa na flekisi mpya. Hii ni hoja ya kweli upande wa kutengeneza.

Shata: usilipe. Hiyo 150,000 ambayo Canon wameiandika kwa 5D Mark III ni kipimo cha uimara, siyo tarehe ya kufa. Zipo zinazokufa kabla na zipo zinazopitiliza mbali sana. Shata ikibadilishwa, bodi haiuziki kwa 380,000 zaidi. Na muulize fundi hiyo 190,000 ameitoa wapi, kwa sababu Canon hizi haziandiki idadi ya shata ndani ya faili la picha kama Nikon wanavyofanya. Inabidi kamera iunganishwe na kompyuta kwa waya na isomwe kwa programu maalumu. Mwambie akuonyeshe namba kwenye skrini.

Kupima shata mwenyewe: weka M, ondoa fokasi kabisa, elekeza anga jeupe au ukuta mweupe wenye jua, piga 1/8000, 1/4000, 1/2000, 1/1000, ukirekebisha ISO mwanga ulingane. Mwanga ukiwa sawa kutoka juu hadi chini kwenye zote, mapazia yanakimbia sawa. Ukiona mkanda wa giza juu au chini kwenye 1/8000 na 1/4000 tu, pazia limeanza kuchoka, anza kuweka akiba. Err 20 au Err 30 ndiyo lugha ya shata iliyofika mwisho. Angalizo: usipime kwa flashi ya stendi kwenye 1/200 ukaona kivuli chini ukasema shata mbovu. Rimoti nyingi za flashi za bei nafuu zinachelewa kidogo tu, shuka 1/160 kivuli kinaondoka.

kamera_bila_kioo

Mimi naona tofauti. Bodi ya 2012, lenzi ya 2005, halafu unaweka laki tatu na zaidi juu yake? Uza vyote kama vilivyo, ongeza, chukua Canon R6 iliyotumika (haina kioo) na adapta ya kufungia lenzi za EF. Fokasi inayofuata macho ya mtu peke yake kwenye harusi inalipa tofauti. Betri zako za LP-E6 zinaingia.

mhesabu_wa_picha

Betri kweli zinaingia, kaka, ila malizia hesabu. 5D Mark III inatumia kadi ya CF na SD. R6 ni SD mbili, kwa hiyo CF zake zote zinabaki mapambo na atanunua SD za kasi kwa ajili ya nakala ya pili. Adapta nayo ni hela. Halafu ukiifunga 24-105 yenye flekisi iliyokatika kwenye R6 kupitia adapta, kosa linahamia R6. Apecha ni ya lenzi, haijali bodi.

Kuhamia ni uamuzi mzuri, lakini ni uamuzi wa biashara, haufanywi kwa sababu filta imepasuka. Na kubadilisha mfumo wiki nne kabla ya msimu, vitufe vyote vipya, sikushauri.

kamera_bila_kioo

Hoja ya CF naikubali. Ya kuhama sijaiacha, ila sawa, msimu upite kwanza.

bisibisi_ndogo

Nilisahau kipimo cha upande wa kushoto, na ndicho kinachoamua kama lenzi inafaa kuokolewa.

Bandika kurasa za gazeti ukutani, zijae fremu nzima. Kamera kwenye stendi, zima IS (lenzi hii ni ya zamani, IS ikiwa wazi juu ya stendi yenyewe inatikisa picha). Ili kamera isimame sambamba na ukuta, shikiza kioo cha kujitazamia bapa ukutani katikati, kisha sogeza kamera mpaka uone lenzi yako yenyewe katikati ya fremu. Bila hivyo utapima upindaji wa stendi ukadhani ni wa lenzi.

f/4, fokasi ya mkono, skrini ya nyuma ikikuzwa mara 10. Weka fokasi katikati, piga. Peleka dirisha la kukuza ukingo wa kushoto, weka fokasi hapo, piga. Sasa tazama. Kama kushoto kunakuwa shapu unapokuwekea fokasi, lakini kulia kunapotea, kuna kitu kimeinama, hicho kinarudi. Kama kushoto hakuwi shapu kwa fokasi yoyote ile, kioo cha ndani kimehama katikati yake au kimepasuka. Kwa lenzi ya bei hii mimi nisingeendelea.

Fanya 24mm, kisha 70mm na 105mm (sogeza polepole, mara moja tu). Halafu rudia na 50mm yako. Nayo ikiwa butu kushoto, kosa ni la bodi: pete ya chuma inayoshika lenzi imepinda au sensa imeinama. Umbali kutoka uso wa pete hiyo hadi sensa kwa EF ni milimita 44.00, na sehemu chache za mia za milimita zinatosha kuonekana kwenye f/1.8. Kwa macho hutaona kitu.

Mwisho kwenye bodi: 50mm, f/1.8, mita 2.5 kutoka kwenye ubao wenye maandishi. Piga kwa fokasi ya skrini, kisha kwa kuchungulia kwenye kitundu cha kutazamia. Zikitofautiana kidogo na kwa kiasi kile kile kwa pointi za kushoto, katikati na kulia, rekebisha kwenye menyu, ina nafasi ya −20 hadi +20. Pointi za kushoto zikikosea mbele na za kulia nyuma, kioo kidogo kilicho nyuma ya kioo kikuu kimehama. Menyu haitibu hilo, ni kazi ya fundi.

dada_wa_pwani

Kabla hujalipa hata shilingi, kaka, mulika lenzi kwa tochi. Fungua kifuniko cha nyuma, mulika kwa mbele kwa mshazari. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na hapa pwani lenzi nyingi za umri huo zinayo. Tindikali yake inakula rangi ya kinga ya kioo, ikisafishwa alama inabaki. Lenzi yenye kuvu kwenye vioo vya katikati haistahili hizo laki tatu. Na hiyo utakayonunua mtaani mulika vivyo hivyo, usiridhike na "iko safi dada".

Mchubuko mdogo kioo cha mbele usikutishe. Ukipiga taa ikiwa usoni ndipo utaona weupe kidogo. Mchubuko wa kioo cha nyuma ndio mbaya.

jicho_la_kusini

Asanteni sana wakuu, na wewe dada. Majibu ya vipimo:

Pete ya filta imetoka, kioo cha mbele kiko salama. Kuvu hakuna. Bodi na 50mm: hakuna Err 01 hata moja, pande zote shapu sawa, fokasi inahitaji +4 kwa pointi zote nilizojaribu. Shata mpaka 1/8000 haina mkanda.

24-105: f/4 inapiga popote. f/8 inapiga 24 hadi kama 45mm, kuanzia 50 ni Err 01. Ukingo wa kushoto kwenye 24mm uko sawa. Kwenye 70 na 105 hauko, ila nikiuwekea fokasi unakuwa shapu na kulia kunakwenda. Na kuna kipande kidogo cheusi cha plastiki kinacheza ndani, nakiona nikiinamisha lenzi.

bisibisi_ndogo

Umemaliza kazi nusu. Bodi: usiipeleke kwa mtu. Weka +4, endelea kupiga. Shata 380,000 na usafi 100,000 vinatoka kwenye hesabu.

Lenzi: bomba la zumu linasafiri juu ya rola ndogo za plastiki zilizofungwa kwa skrubu, zikipita kwenye mifereji. Moja imepasuka, na hicho cheusi unachokiona nadhani ndicho kipande chake. Ndiyo maana 24mm iko sawa, bomba likiwa ndani limeshikwa vizuri. Likitoka nje linaning'inia upande mmoja. Na flekisi imekatika kwenye kunjo, aidha kwa uzee au imebanwa bomba lilipohama. Yote mawili yanatengenezeka. Kitu kimoja tu kinaweza kuharibu hesabu: mfereji kuwa umechimbika. Hilo halionekani mpaka ifunguliwe.

Kwa hiyo mwambie fundi hivi: "Fungua kwanza, nionyeshe mfereji, ndipo tukubaliane." Lipia ufunguzi peke yake, mkubaliane kiasi mapema. Mfereji ukiwa na ngazi unayoisikia kwa ukucha, funga, uza spea.

Neno "kunyoosha" kwenye hesabu yake silipendi. Hapo hakuna cha kunyoosha. Kuna rola za kubadilisha, na abadilishe zote, siyo iliyovunjika tu, la sivyo bomba litacheza upande wenye rola za zamani. Flekisi ziko za aina mbili: flekisi pekee, ambayo inalehemewa kwenye kitengo cha apecha, na kitengo kizima chenye flekisi yake. Ya kwanza ni rahisi sana kwa bei lakini inategemea mkono wa mtu. Joto likizidi anayeyusha plastiki ya kitengo, na flekisi ikikunjwa vibaya wakati wa kufunga inakatika tena baada ya muda mfupi. Muulize anaweka ipi. Kama ni flekisi pekee, 320,000 ni ghali, shusha.

Mtazame pia zana. Skrubu za kamera za Kijapani ni za kiwango cha JIS. Bisibisi ya nyota ya kawaida haikai vizuri, inakula vichwa. Ukiona vichwa vya skrubu za pete ya nyuma vimeshaliwa, ondoka. Chini ya pete hiyo kuna washa (vipete) nyembamba sana za chuma. Kila moja irudi ilipotoka, kwa upande ule ule. Ikipotea au ikigeuzwa, utapata lenzi isiyo na Err 01 lakini iliyoinama, na utarudi kulalamikia kushoto kule kule.

mhesabu_wa_picha

Siku ya kuchukua, usilipe salio kabla ya haya: f/22 kwenye 24, 35, 50, 70 na 105mm, picha kumi kumi, pasipo kosa hata moja. Kisha gazeti ukutani, 105mm, f/4. Kisha tochi, vumbi jipya ndani lisiwepo. Dai vipande vya zamani, rola na flekisi, na risiti yenye namba ya lenzi na dhamana. Namba ya lenzi ichukue picha leo, kabla hujampelekea.

Na kama una kazi kabla haijarudi: 50mm kwenye bodi, basi. Hiyo 24-105 inapiga f/4 kila mahali kwa sasa, najua itakushawishi uende nayo ukumbini. Kila ukizungusha zumu yenye rola iliyovunjika unachimba mfereji, na mfereji ndio unaobeba 320,000 yako.

jicho_la_kusini

Imeeleweka wakuu. Nimemwandikia afungue tu na anionyeshe mfereji, shata aiache. Amesema kufungua ni elfu 40, inakatwa kwenye bei tukikubaliana. Flekisi anasema anaweka kitengo kizima.

bisibisi_ndogo

Elfu 40 ni haki. Kitengo kizima pamoja na rola zote kwa 320,000, mpe kazi. Utepe wa karatasi bandika kwenye zumu ikiwa 24mm, isisogee njiani.